Bunduki za Oberndorf na Masikio ya Kusini

Katika bonde la mto Neckar, kusini ya Ujerumani, upo mji mdogo uitwao Oberndorf. Mji huo hautajwi sana katika vitabu tunavyosomesha, na wengi wa wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hawajapata kulisikia jina lake. Walakini bunduki mbili zilizobuniwa humo zahusiana na mambo yetu kuliko tudhanivyo. Ya kwanza ni ile ya ndugu wawili Wilhelm na Paul Mauser, iliyopokewa na jeshi la Ujerumani mwaka 1871, na ambayo baadaye ilibebwa na askari na polisi wa Kijerumani katika nchi hii. Ya pili ni PSG1, bunduki ya polisi ya kupigia shabaha kwa mbali, iliyozaliwa baada ya msiba wa Munich wa mwaka 1972, na ambayo leo vijana wengi waijua kwa michezo ya kompyuta ingawa hawajapata kuiona kwa macho.

Sikuandika haya ili kuzisifu bunduki, wala ili kuzilaani. Kazi hizo mbili zina watu wake. Nataka kuuliza swali la mhakiki: sifa ya bunduki hutungwa wapi, na mtungaji wake husimama upande gani wa mtutu? Kwani bunduki moja husimuliwa na aliye nyuma ya kitako, na bunduki nyingine husimuliwa na aliye mbele ya mdomo wake, na hadithi hizo hazifanani hata kidogo.

Tuanze na ile ya zamani. Mauser ya 1871 ilikuwa bunduki ya risasi moja moja, yenye tundu la milimita 11. Askari alifungua komeo, akatia risasi moja, akafunga, akapiga, kisha akaanza tena. Baruti yake ilikuwa ile nyeusi ya kale, na kila alipopiga, wingu la moshi lilitanda mbele yake likamwonyesha adui mahali aliposimama. Mwaka 1888 Wajerumani walipopata bunduki mpya yenye baruti isiyo na moshi, hizi za zamani hawakuzitupa. Walizileta huku. Askari Waafrika wa jeshi la koloni, na wale wa kikosi cha polisi pia, walipewa aina fupi ya Mauser hiyo, na Wazungu wakabaki na silaha za kisasa. Hata vita vya Tanga, Novemba 1914, kampuni kadhaa za askari zilikuwa zingali zikipiga kwa bunduki hizo za moshi, miaka zaidi ya arobaini tangu zilipobuniwa.

Msomaji wa historia atakumbuka kwamba silaha hiyo ndiyo iliyokuwa mikononi mwa askari wakati wa Vita vya Maji Maji, 1905 hata 1907. Pamoja nayo ulikuwapo mzinga wa bombom, ambao ulifanya kazi yake kubwa huko Mahenge tarehe 30 Agosti 1905, wapiganaji walipoiendea boma wakaanguka kwa mamia. Lakini hapa sina budi kusema jambo ambalo wapenda hadithi za silaha hawapendi kulisikia. Wengi wa waliokufa katika vita vile hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa, baada ya mashamba kuchomwa, ghala kutiwa moto, na chakula kuchukuliwa. Serikali ya Kijerumani yenyewe ilihesabu watu 75,000. Wanahistoria wa baadaye wametaja hata 250,000 au zaidi. Katika nchi ya Wangoni na jirani zake kiberiti kiliua zaidi kuliko Mauser. Nani lakini aliyepata kutunga sifa ya kiberiti? Kiberiti hakina fundi wa kujivuniwa, hakina namba iliyochongwa ubavuni, hakiwekwi katika kabati la kioo. Ndiyo sababu naona kwamba umashuhuri wa bunduki, tangu hapo, una tabia ya kuficha: huvuta macho yote kwake, na ghala iliyoungua ikasahauliwa.

Tenzi zetu zilifanya nini na silaha hii? Tunazo mbili zinazofaa kutazamwa pamoja. Moja ni ile ya Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, juu ya vita vya Wadachi kuutamalaki Mrima, na ya pili ni ile ya Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi juu ya Vita vya Maji Maji, iliyopigwa chapa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1957. Watungaji hawa hawakuwa na msimamo mmoja. Hemedi aliwaonea uchungu watu wa pwani. Abdul Karim ni mgumu kumtambua, na kila nimsomapo na wanafunzi huwa tunabishana kama moyo wake ulikuwa kwa serikali au kwa walioasi. Juu ya bunduki, hata hivyo, wanakutana. Kwa jumla bunduki katika tenzi zao ni kishindo, moshi na watu wanaoanguka. Hawashughuliki na chapa ya fundi, wala hawapimi urefu wa mtutu. Mtungaji asimama mahali ambapo risasi inafika, si mahali inapotoka, na sikio lake latangulia jicho lake.

Watu watasema hayo yatokana na ujinga wa mambo ya ufundi. Sikubali. Watu wa kusini walizijua bunduki kabla Mjerumani hajafika. Wayao walizinunua Kilwa na miji mingine ya pwani kwa pembe za ndovu, karne nzima, wakajua baruti njema na baruti mbovu, wakajua fataki na marisau. Sisi tuliokulia Nakapanya, katika njia iendayo Tunduru hata Masasi, twajua kwamba mzee mwenye gobore, ile bunduki ya kushindiliwa kwa mdomo ambayo wahunzi wetu waliiga na kuitengeneza, aliweza kukueleza kila kiungo chake kwa jina, na kukueleza pia kwa nini huifukuza nguruwe shambani vizuri kuliko huiua. Ujuzi ulikuwapo. Kama watungaji hawakuutia katika tenzi, ni kwa sababu walichagua. Utenzi wa vita ulikuwa na mambo mengine ya kuhesabu: majina ya waliokufa, majina ya vijiji, na nani alimsaliti nani.

Ebrahim Hussein alipoandika Kinjeketile, mwaka 1969, alikuwa na tatizo hilohilo kwa namna nyingine. Mchezo wake wahusu maji yaliyosemwa kuwa yatageuza risasi kuwa maji, na kila mtazamaji ajua tangu mwanzo kwamba risasi haitageuka. Mwandishi dhaifu angalileta bunduki jukwaani ikapiga, watu wakaona, hoja ikaisha. Hussein hakujenga mchezo wake juu ya mshindo huo. Uzito ameuweka katika neno: Kinjeketile ametoa neno, neno limekua likampita, na mwishoni akitakiwa kukiri kwamba maji yalikuwa uongo, akataa, kwa kuwa akikiri hilo, waliopigana wataonekana kuwa walikosea kupigana. Kwa hiyo bunduki haikuwa ndiyo kipimo cha ukweli. Nimewasikia wanafunzi, na hata wasomi wazima, wakiueleza mchezo huu kama masimulizi ya ujinga ulioshindwa na sayansi. Wasomao hivyo wameusoma mchezo kwa macho ya aliyeshika Mauser.

Sasa twende kwenye bunduki ya pili. Kiwanda cha Mauser kilipovunjwa na Wafaransa baada ya vita vya 1939 hata 1945, watu watatu waliokuwa wahandisi humo, Edmund Heckler, Theodor Koch na Alex Seidel, waliokota walichoweza wakaanzisha kampuni mwaka 1949, papo hapo Oberndorf. Mwanzo walitengeneza vipuri vya cherehani na baiskeli. Jeshi la Ujerumani ya Magharibi lilipoundwa upya, wakarudi katika kazi waliyoijua. Mnamo 1959 jeshi hilo likapokea bunduki yao iitwayo G3. Asili yake ilikuwa wazo lililobuniwa katika kiwanda cha Mauser mwishoni mwa vita, likakimbilia Hispania pamoja na mafundi wake, likarudi nyumbani: rola mbili ndogo hulikawiza komeo lisifunguke mpaka nguvu ya baruti ipungue.

G3 hiyo ilisafiri sana. Ilionekana mabegani mwa polisi wa Kenya miaka mingi. Na ilikuja jirani zaidi: Wareno waliitengeneza kwa ruhusa katika kiwanda chao cha Lisbon, wakaitumia Msumbiji katika vita vya 1964 hata 1974. Hivyo watu wa bonde la Ruvuma, ambao babu zao waliisikia Mauser, waliisikia tena sauti ya Oberndorf ng'ambo ya mto, huku wakimbizi wakivuka kuja upande wetu. Upande wa pili wapigania uhuru walishika bunduki ya Kirusi, na Msumbiji huru ikaichora katika bendera yake ya mwaka 1983, pamoja na jembe na kitabu. Hiyo ndiyo sifa kubwa kabisa ambayo bunduki imepata katika Afrika ya Mashariki na jirani zake, na inafaa kutambua kwamba haikupewa kwa kuwa ilipiga sawasawa. Ilipewa kwa kuwa ilishikwa na watu fulani kwa kusudi fulani.

PSG1 ilipata sifa yake kwa njia nyingine. Tarehe 5 Septemba 1972, wakati wa michezo ya Olimpiki ya Munich, Wapalestina wenye silaha waliwateka wachezaji na walimu wa michezo wa Israeli. Usiku ule, katika uwanja wa ndege wa Fürstenfeldbruck, polisi wa Bavaria walijaribu kuwaokoa. Waliwekwa wapigaji shabaha watano tu, na washambuliaji walikuwa wanane. Bunduki zao zilikuwa G3 za kawaida, zisizo na darubini, zisizo na kioo cha kuonea gizani; wao wenyewe hawakuwa wamefundishwa kazi hiyo, wala hawakuwa na redio za kusemezana. Mateka wote waliosalia waliuawa, na polisi mmoja pia. Jumla Waisraeli waliokufa katika mkasa ule ni 11. Mwezi huohuo serikali ikaamua kuunda kikosi maalumu cha polisi, GSG 9, na mafundi wa Oberndorf wakatakiwa kutengeneza bunduki ambayo aibu ile isingetokea nayo tena.

Walichukua G3 wakaifanya kuwa kitu kingine. Mtutu ukawa mzito na mrefu, sentimita 65; kitako kikawa cha kurekebishwa kwa kimo cha mpigaji; darubini ya kukuza mara 6, yenye alama iwakayo, ikafungwa juu; komeo likapewa kitufe cha kulifunga pasipo sauti. Ikawa na uzito wa zaidi ya kilo 7. Yasemwa kwamba kila bunduki ya namna hii ilijaribiwa kabla ya kutoka kiwandani, nayo ilipaswa kutia risasi 50 ndani ya duara la sentimita 8 kwa umbali wa mita 300. Bei yake ilikuwa ya kutisha. Na ilikuwa na kasoro moja inayomfunza mhakiki: hutupa ganda la risasi mbali sana, karibu mita 10. Kwa mwanajeshi aliyejificha msituni hilo ni balaa, maana ataacha dalili au ataonekana; kwa polisi aliye juu ya ghorofa ya mji wake mwenyewe, si kitu. Ndiyo kusema, bunduki hii ilibuniwa kwa mtu asiyetazamia kupigwa. Adui wake amezingirwa tayari, na yeye ana muda.

Hapo ndipo sifa yake ilipoanzia. Idadi ya waliowahi kuishika ni ndogo; idadi ya walioishika katika mchezo haina hesabu. Mwaka 1998 kampuni ya Kijapani Konami ilitoa mchezo wa Metal Gear Solid, na ndani yake mna mwanamke mdunguzi aitwaye Sniper Wolf, ambaye silaha yake ni PSG1. Mchezaji naye hana budi kurudi nyuma kuitafuta bunduki hiyohiyo ili apambane naye. Akiipata na kutazama kwa darubini, mikono inatetemeka, naye hupaswa kumeza dawa ya kuituliza. Mwanamke huyo ni Mkurdi; alikulia katikati ya vita, watu wake wakifa mbele ya macho yake, kisha akahama kutoka upande wa wanaolengwa kwenda upande wa wanaolenga. Nasema bila haya kwamba huo ni ubunifu mzuri, mzuri kuliko wengi wanaoudharau wanavyokubali. Mtungaji wake ametambua jambo ambalo nimekuwa nikilitafuta tangu mwanzo wa insha hii, yaani kwamba mtu huyo mmoja aweza kuijua bunduki toka pande zote mbili. Ila umashuhuri ulipotoka nje ya mchezo, ulichukua bunduki ukamwacha msichana. Katika michezo iliyofuata jina la PSG1 likaendelea kuonekana, mara nyingi katika orodha tu, pamoja na uzito na nguvu, kama bidhaa dukani.

Nadhani sababu ya mvuto wake si ufundi peke yake. Bunduki ya mdunguzi wa polisi huja na ahadi: kwamba iko risasi inayochagua. Haitapiga umati, haitampiga mateka. Itampiga yule tu anayestahili, mara moja, kisha mambo yatatulia. Baada ya Fürstenfeldbruck watu waliihitaji sana ahadi hiyo. Na sasa na tuiweke kando ya ahadi ya Rufiji ya 1905. Huko watu waliambiwa iko risasi ambayo haitaua, itakuwa maji. Imani mbili hizi zimezaliwa na hofu moja, hofu ya risasi isiyo na macho. Moja tumeifanya mfano wa ushirikina na kuicheka madarasani; ya pili tunaiita maendeleo. Najua tofauti iliyopo: duara la sentimita 8 lapimika, na maji hayakumzuia mtu yeyote kufa. Lakini duara hilo hupimwa kwenye karatasi. Nani anastahili kuwa katikati yake, darubini haiwezi kusema, hata ikikuza mara 6 au mara 60. Jambo hilo husemwa na yule anayetoa amri, na ahadi ya bunduki humsaidia asiulizwe.

Yatupasa kuyaangalia haya kwa ajili ya uandishi wetu wenyewe. Hadithi za upelelezi katika Kiswahili zilianza na mtu asiyehitaji silaha. Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale, alifika mwisho wa kila jambo kwa kiko na fikira. Kisha akaja Willy Gamba wa Elvis Musiba, katika Kufa na Kupona ya 1974, akitumwa Nairobi kufuata nyaraka za siri za wapigania uhuru. Yeye ana bastola na anajua kuitumia. Simlaumu Musiba. Bastola ya Gamba ilikuwa na kazi, na kazi hiyo ilihusu ukombozi wa kusini mwa Afrika, jambo ambalo wasomaji wake walilijua na kulijali. Ninaowalaumu ni wengine waliofuata, ambao wameingiza katika hadithi zao darubini na majina ya chapa kama yalivyo katika filamu, hata ukurasa mzima ukawa maelezo ya silaha, na anayeuawa akawa hana jina. Huo si ufundi tulioupata. Ni sikio tulilolipoteza.

Lugha yenyewe ingeweza kuwasaidia kama wangaliisikiliza. Neno mdunguzi, ambalo magazeti hutumia kwa mpigaji wa mbali, lina ndugu yake mzee, kutungua. Mtoto hutungua embe mtini kwa jiwe au kwa upondo. Ndani ya neno hilo muna urefu wa mti, kuna aliye chini na kilicho juu, na kuna kuanguka, tena kishindo cha kuanguka chini ya mti ambacho kila mtu wa shamba akijua. Mwandishi akilitumia neno akiisikia sauti hiyo, tayari amesimama upande wa kinachoanguka. Nashangaa kwamba tafsiri nyingi huliacha wakaandika jina la Kiingereza, kana kwamba kitendo chenyewe kilikuja na meli.

Nirudi Songea kwa neno moja zaidi. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga huko wapiganaji na wazee wa Kingoni zaidi ya sitini, na Nduna Songea Mbano akanyongwa siku chache baadaye. Kichwa chake yasemwa kilipelekwa Ujerumani. Walinzi wa siku ile walishika Mauser. Kila Mauser ya namna hiyo ina namba yake na mwaka wake juu ya chuma, na mnunuzi wa vitu vya kale aweza leo kukuambia ilitoka kiwanda gani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika katika makumbusho ya Maji Maji hapo Songea akaomba msamaha mbele ya wajukuu wa waliouawa, akaahidi kusaidia kukitafuta kichwa cha Songea Mbano. Miaka 117 ilikuwa imepita, na wenyewe walikuwa hawajakipata.